Maharage ya Nyimbo Ishirini na Mbili

Nina ugonjwa wa majina. Faili likipita mikononi mwangu likiwa na jina la ovyo, situlii mpaka nimelibadilisha. Kwenye steshenari ninakofanya kazi, hapa Chanika mjini Handeni, wateja huleta flashi zilizojaa "barua mpya", "barua mpya 2" na "barua mpya yenyewe", nami huzinyoosha bila kuombwa: jina la mwandishi, kinachoombwa, mwezi. Mwalimu mmoja alirudi siku ya pili amekunja uso, akasema ameitafuta barua yake nusu siku. Nilimwonyesha ilipo. Akaniambia, "Mimi niliijua kwa ule ubaya wake." Nilimcheka moyoni. Ningemsikiliza, leo nisingekuwa na cha kuandika.

Hakuna aliyenifundisha kompyuta. Nilijifunza kwenye mashine chakavu ambayo kitufe cha R kilikuwa kimekufa, kwa hiyo kila nilipoihitaji R niliinakili kutoka kwenye neno jingine na kuibandika. Mtu aliyejifunza hivyo ana kiburi cha aina yake, na ana hofu ya aina yake. Kila siku nangoja mtu aje aniambie kwamba kuna jambo dogo ambalo wenzangu wote walifundishwa siku ya kwanza, mimi sikuwepo. Ndiyo maana nakagua kazi mara tatu. Ndiyo maana nikifunga mlango narudi kuusukuma.

Bibi yangu, mama yake baba, anaishi Old Korogwe, upande wa mtoni. Anaishi peke yake na anauza maharage ya asubuhi: sufuria moja kubwa, yamewekwa nazi, watu wanakuja na bakuli zao wakati jirani yake upande wa pili wa njia anatoa chapati. Macho yake yameharibiwa na presha ya macho. Hospitali walisema kilichopotea hakirudi, kilichobaki kitalindwa kwa dawa. Anaona mwanga, anaona mtu akipita mlangoni kama kivuli cha nguo. Lakini anachagua maharage kwa vidole haraka kuliko mimi kwa macho, na jiwe halimpiti.

Shangazi yangu, bintiye wa kwanza, ana duka Kabuku, barabarani. Kwa miaka miwili amekuwa akitaka kumhamishia kwake. Hana nia mbaya. Chumba kipo, wajukuu wapo, na anaogopa moto. Bibi hataki. Anasema Kabuku hajui mtu yeyote kwa sauti yake. Mwisho walifikia makubaliano ambayo shangazi aliyatamka mbele yetu sote: "Sawa mama, kaa. Lakini siku nitakayosikia sufuria imeungua, nafunga mizigo yako mimi mwenyewe."

Bibi ana redio ndogo nyekundu ya kadi. Ina kamba ya kuning'iniza, taa ya mbele isiyowaka, na vitufe vitatu. Inakaa kwenye msumari juu ya mlango wa jiko, na kila siku baada ya swala ya alfajiri inaanza kuimba mpaka maharage yanapoiva. Mimi nilidhani inamliwaza tu.

Sikukuu ya Idd nililala kwake, na kulipokucha nikaisikiliza redio hiyo kwa makini kwa mara ya kwanza. Meno yaliniuma kwa kelele zake. Sauti zilikuwa zimeparara. Wimbo wa taarabu ulikatwa katikati ya neno. Wimbo wa dansi uliingiliwa na mwanamume akipaza sauti kutaja kibanda chake cha nyimbo pale stendi, kisha ukaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Wimbo mmoja, wa mwanamke anayemsubiri mumewe arudi na maji, ulipigwa, halafu baadaye ukapigwa tena, halafu tena.

"Bibi, nani alikuwekea hizi nyimbo?"

"Fundi wa stendi. Mzuri yule, mtani wangu."

"Amekuibia. Nyimbo mbovu, nyingine zimejirudia. Nitakuletea safi."

"Hizi zimechafuka?"

"Sana."

Bibi alicheka. Huwa ananiita mke mwenzake, kwa sababu marehemu babu alinitania kuwa mimi ndiye mke mdogo. "Haya, mke mwenzangu. Ila ukifua usitoe rangi."

Nilifungua kompyuta yangu, nikanakili kila kilichokuwemo kwenye kadi. Mafaili ishirini na mawili, yote yanaitwa namba tu. Kadi nikamrudishia.

Nirudi kidogo niseme kwa nini nilifurahi, maana furaha ile ndiyo iliyonipofusha. Kwa muda mrefu nilikuwa nataka kununua nyimbo kihalali, kwenye duka la mtandaoni, ili aliyeimba apate chake. Sikuwa na sababu ya kutosha kwa ajili yangu mwenyewe. Bibi akawa sababu. Nilirudi Chanika, nikakaa jioni kadhaa nikisikiliza faili moja moja, nikitambua wimbo, nikiutafuta dukani, nikilipa kwa simu. Nilizipata nyimbo kumi na tano. Zilikuwa safi kiasi kwamba mtu anasikika akivuta pumzi kabla ya kuimba. Tano hazikuwepo dukani, zikiwemo kaswida za watoto wa madrasa ya Korogwe ambazo hakuna duka linalozijua. Hizo niliziacha za zamani. Ule wimbo wa maji uliokuwepo mara tatu niliubakisha mmoja. Nikazipa majina kamili, herufi kubwa mahali pake, namba mbele ili zikae kwa mpangilio wa alfabeti. Kabla ya kuzima nilizitazama zilivyosimama kwenye mstari, nikahisi kitu kama usingizi mzuri.

Za zamani sikuzifuta. Sina moyo wa kufuta kabisa. Nilizitia kwenye folda niliyoiita Takataka.

Wimbo mmoja tu uligoma kutoka kwenye simu. Ulikuwa wa dansi, aliokuwa akiupenda babu. Duka liliniruhusu kuusikiliza ndani ya programu yake, lakini kila nilipojaribu kuuhamishia kwenye kompyuta sikuuona popote. Nilijaribu njia nilizozijua na nyingine nilizojifunza usiku huo. Nikaona basi, huo nitaweka wa zamani. Nyingine zote zilihama bila taabu, nami nilizipiga zote kwenye kompyuta, mwanzo mpaka mwisho. Zote ziliimba.

Jumamosi moja nikaenda Korogwe asubuhi, narudi siku hiyohiyo. Nilifuta kadi ya bibi, nikaingiza nyimbo zangu ishirini, nikaichomeka kwenye redio. Kaswida ikaanza. Bibi akatikisa kichwa, akasema, "Ndiyo, hii ndiyo ya kwanza." Gari la Handeni lilikuwa linakaribia kuondoka. Nikakimbia.

Hapo ndipo panaponiuma. Mimi ninayeusukuma mlango mara tatu. Kwenye kompyuta nilijaribu nyimbo zote. Kwenye redio nilijaribu moja.

Jumapili jirani wa chapati alinipigia simu. Alisema moshi ulimfikia kabla ya harufu, alivuka njia na kumkuta bibi amesimama na mwiko mkononi, sufuria imekauka, chini nyeusi. Hakuna aliyeumia. Lakini alikuwa amekwisha kumpigia shangazi.

Shangazi alinipigia kabla sijamaliza kumshukuru jirani.

"Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Jumamosi nakwenda kumchukua."

Sikujua bado kosa ni langu. Nilimwomba asimchukue kwa habari ya simu. Aende Ijumaa, alale, Jumamosi amwangalie akipika peke yake, bila mtu kugusa. Akiunguza, mimi mwenyewe nitabeba godoro. Akasema, "Nakujua, wewe una maneno ya steshenari." Lakini akakubali.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikaenda. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, redio ipo mapajani, imezimwa.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kunipima akili?"

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Kaswida ilipiga. Zikaja nne tano. Halafu kaswida ikaanza tena. Nikajiuliza, kwani ndiyo kwanza nimewasha moto? Nikashika ukuta. Nikasema labda ni mimi. Labda akili ndiyo imerudi nyuma, siyo redio." Aliipapasa redio. "Nikawa nasubiri wimbo wa maji."

Niliichukua redio nikaiwasha. Kaswida. Nikabonyeza mbele. Ikaruka, ikaruka, kimya kidogo, ikaruka, hadi ikafika kwenye wimbo mwingine wa zamani. Kati ya nyimbo ishirini ilikuwa inapiga sita. Zile kumi na nne safi nilizolipia ilikuwa inazipita kama mtu anayepita nyumba ambayo hamjui mwenyewe.

"Wimbo wa maji ni upi, bibi?"

"Huo wa mwanamke anamngoja mumewe. Ukija, naongeza maji. Ukija mara ya pili, naongeza tena. Wa tatu, nusu ya kikombe, basi."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimebakisha mmoja, na huo mmoja nao nilikuwa nimeubadilisha kwa ule safi, ambao redio haikuusoma.

"Mbona hukuniambia kuwa unapika kwa nyimbo?"

"Nikuambie wewe? Mdomo wako hauna mfuniko. Ungemwambia shangazi yako kuwa siyaoni maji ndani ya sufuria. Siyaoni kabisa, tangu mwaka jana. Ningekuwa Kabuku sasa hivi nahesabu malori."

Nilichukua kompyuta na kadi nikaenda stendi. Nakiri nilikwenda na hasira, kwa sababu hasira ni rahisi kubeba kuliko aibu. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba juu ya nyimbo zilizokatwa na watu wanaopayuka katikati ya muziki wa wenzao.

Kibanda cha fundi ni kidogo, na ukuta mzima una redio. Si za kuuza. Ni redio mbovumbovu, za kila rangi, kila aina inayopatikana Korogwe, zimefungwa kwa waya kwenye mbao, baadhi hazina hata ganda. Mwenyewe ni mtu wa makamo, mwenye spika ya simu kwenye sikio moja na sikio la pili wazi kwa wateja. Babu yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge na hakurudi, ndiyo maana yeye na bibi yangu Mzigua wanataniana.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba binti. Wewe ndiye mjukuu wa bibi maharage. Nimesikia mmeunguza. Wazigua bwana, tumewaachia nchi nzuri hamjui hata kuchemsha maji."

"Nimeunguza mimi," nikasema. Hotuba ikaishia hapo.

Alipokea kadi. Hakuiweka kwenye kompyuta. Alitazama ukuta, akashusha redio nyekundu kama ya bibi, akaichomeka humo na kusikiliza inavyoruka. Kisha akauliza nilizijaribu wapi.

"Kwenye kompyuta. Zote."

"Kompyuta inakubali kila kitu, siyo shahidi. Ndiyo maana nina hizi." Alielekeza kidole ukutani. "Kadi haitoki hapa mpaka iimbe kwenye redio ndugu yake. Hii nyekundu ni kama mtoto wa chuoni, inasoma ilichofundishwa. Imefundishwa MP3. Hizi zako duka limeziandika kwa aina nyingine. Nzuri sana, lakini hii haijazifundishwa."

"Naweza kuzibadilisha aina."

"Unaweza. Nyingi zitakubali. Ila hilo ni tatizo dogo." Akanirudishia kadi. "Namba hizi umeweka za nini?"

"Ili zikae kwa mpangilio."

"Redio hii haijui namba wala alfabeti. Wa kwanza kuingia kwenye kadi ndiye wa kwanza kuimba. Uliziingiza vipi?"

"Zote kwa pamoja."

"Basi zimesukumana mlangoni. Zinaingizwa mmoja mmoja. Unauingiza mmoja, unangoja umalize, unaingiza wa pili. Hakuna njia ya mkato."

Ndilo lile jambo dogo nililokuwa naliogopa miaka yote. Niliambiwa kwa upole, na mtu anayefuta kioo cha simu kwa kanga, na halikuniua.

Nilimuuliza kama anakumbuka mpangilio wa bibi. Akacheka.

"Nikumbuke mimi? Mwenyewe anao. Alikaa hapo kwenye benchi, nadhani siku mbili. Alikuja na kidumu cha maji na mwiko. Watu wakauliza mama amekuja kupika? Aliniagiza wimbo mmoja mmoja. Huu weka. Huu mrefu, ukate hapa. Nikamwambia bibi, nitaukata vizuri, ushuke taratibu. Akasema hapana, ukate katikati ya neno, nishtuke."

Nilimwangalia.

"Na ile sauti yangu," akaendelea. "Mimi huwa natangaza kibanda mwanzoni mwa wimbo tu. Yeye akasema, mtani, hapa kwenye wa kumi na moja, piga kelele. Hapo ndipo natia nazi, na huwa nimeshaanza kusinzia."

Sijui nieleze vipi nilichohisi. Kila nilichokiona kibovu kilikuwa kimepimwa. Ule wimbo uliokatika haukukatika, ulikatwa. Mwanamke asiyeona alikuwa amejitengenezea saa kwa kutumia redio ya bei rahisi, na mwanamume wa stendi alikuwa ameelewa anachotaka bila kumuuliza mara mbili, akamfanyia kama alivyotaka na si kama yeye alivyoona inapendeza. Mimi nimejifunza kwa video ngapi, na hilo sijawahi kulifanya kwa mteja hata mmoja. Nilimkumbuka mwalimu na barua yake mbaya.

Fundi alikataa kuzibadilisha yeye. Alisema, "Wewe uliyefungua ndiye ufunge." Lakini aliniazima ile redio yake nyekundu ya ukutani, ya majaribio, akaifunga kwa mpira isifunguke njiani.

Mchana huo na kesho yake tulikaa jikoni, mimi na bibi. Nilifungua folda ya Takataka. Nilimwambia bibi inaitwaje, kwa sababu nilikuwa nimeamua kutomficha kitu. Alisema, "Jina zuri. Maharage yangu yote yametoka kwenye takataka."

Kisha akaanza kusema. Hakusema majina ya nyimbo, hayajui. Alisema kazi, na mikono yake ilikuwa ikifanya kila kazi hewani.

"Wa kwanza kaswida, nawasha moto. Wa pili wa watoto, naosha maharage mara ya mwisho. Wa tatu natenga. Wa nne na wa tano sina kazi, nakunywa uji. Wa sita yule anayelalamika barua haikujibiwa, nakuna nazi. Unakatika, naacha kukuna, hata kama haijaisha. Wa saba maji."

Niliandika huku nikiingiza. Mmoja, ngoja. Wa pili, ngoja. Kuna wakati nilimwona amekwama kwenye wa kumi na nne. Alifumba macho, akachutama mbele ya jiko baridi, akanyoosha mkono kama anachochea kuni, akasikiliza kitu ambacho mimi sikukisikia. "Yule mlevi," akasema. Nikautafuta wimbo wa mlevi, ulikuwepo.

Nilimuuliza kama nimbadilishie zile nyimbo safi, hata chache, kwa vile nilikwisha kuzilipia. Nilizibadilisha aina, redio ikazikubali. Alisikiliza ule wa barua. Alitabasamu, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Huu mbona una ubeti mwingine?" Ulikuwa mrefu kuliko ule wake, karibu dakika mbili. Duka lilikuwa na wimbo mzima, vituo vya redio vya zamani vilikuwa vikipiga uliofupishwa.

"Mzuri," akasema. "Lakini kwa huu, nazi yote ingekunwa pamoja na vidole."

Kwa hiyo tuliziacha nje. Mbovu zikarudi zote, na namba zao, bila jina hata moja. Mikono iliniwasha, nakiri. Nilitaka angalau kurekebisha sauti ya wa tisa unaopasuka. Nikaikalia mikono.

Jambo moja tu alilitaka kutoka dukani. Nilimwekea sikioni simu yangu, ule wimbo wa babu uliokataa kutoka. Alisikiliza. Katikati akanishika kifundo cha mkono.

"Kuna mtu anapiga tarumbeta huko nyuma."

"Ndiyo."

"Miaka yote hiyo sijawahi kumsikia. Babu yako alikuwa akiimba kitu hapo, tarara, nikidhani anabuni. Kumbe alikuwa anamfuata huyo."

Nilimweleza kuwa huo siwezi kuutoa kwenye simu, duka limeufunga humo. Alisema basi ukae humohumo, kila nikija nije nao.

Ijumaa alasiri, kabla shangazi hajafika, tulipika bila maharage. Kadi iliimba nyimbo zote ishirini na mbili, kwanza kwenye ile ya fundi, kisha kwenye ya bibi, naye akazunguka jikoni na sufuria yenye maji matupu. Kwenye wa kumi na moja fundi alipiga kelele yake. Bibi akamjibu, "Nimesikia, Mnyamwezi, usinipasue masikio," akamimina tui ambalo halikuwepo.

Shangazi alifika jioni na mfuko mkubwa wa nailoni uliokunjwa, ule wa kubebea nguo. Aliuweka nyuma ya mlango. Sote tuliuona, hata asiyeona, maana ulimkwaruza mguu alipopita.

Alfajiri waliswali, kisha shangazi akavuta kigoda akakaa mlangoni mwa jiko, mikono kifuani. Mimi niliambiwa nikae uani. Kaswida ikaanza. Bibi akawasha moto. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto. Wa pili, wa tatu. Wa nne na wa tano alikunywa uji, na shangazi akamwambia mbona umekaa, akajibiwa kuwa maharage hayaivi kwa kutazamwa. Wa sita alikuna nazi. Ulipokatika katikati ya neno, shangazi alishtuka, bibi akaweka mbuzi pembeni. Wa saba akaongeza maji.

Wa nane ulikuwa na sauti mbaya, na wa tisa, ule unaopasuka, ulipoanza shangazi alisimama.

"Mama, hii redio inaumiza kichwa." Akanyoosha mkono kwenye msumari.

Nilinyanyuka. Nilikuwa na sentensi tatu tayari, zote za uongo. Lakini bibi alitangulia, bila kugeuka.

"Ukiizima, utapika wewe."

"Nipunguze tu."

"Usipunguze. Wa kumi ndio wa maji, na mimi maji siyaoni."

Shangazi alibaki na mkono juu. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi uani, akaitazama sufuria. Wimbo wa tisa ulipasuka mpaka ukaisha. Ukaingia wa mwanamke anayemsubiri mumewe, na bibi akanyoosha kikombe, akagusa ukingo wa sufuria kwa kidole kidogo, akamimina. Shangazi akainama na kuchungulia ndani. Maji yalikuwa yamefika pale ambapo, kama ni yeye, naye angeongeza.

Alichukua kijiko kirefu, akakipitisha chini ya sufuria polepole, akakitoa, akakiangalia pande zote mbili. Hakikuwa na cheusi.

Alirudi kwenye kigoda. Hakukunja tena mikono.

"Na unaofuata," akauliza, "huo unasema ufanye nini?"

"Nazi," bibi akasema. "Jishike vizuri, kuna mtu atapiga kelele."